Gari inalia ta-ta-ta lakini haiwaki: sikiliza kwanza, shika baadaye



Mara nyingi ukurasa huu unawaletea habari za vumbi, za malaria, za kofia na viatu vya kazi. Leo tutasema juu ya kamioneti. Wengine watauliza: muuguzi anatafuta nini ndani ya motere? Hiyo si kazi ya mafundi wa garaji? Ni kweli. Lakini macho yaliyochomwa na maji ya batri hayapelekwi garaji. Yanaletwa kwetu, dispanseri. Ndiyo sababu ninaandika.

YALIYOTUPATA USIKU MMOJA

Ilikuwa mwezi wa Julai 2018, katika kambi moja ya wafanyakazi karibu na Kolwezi. Mnajua baridi ya Julai huku kwetu. Mji uko zaidi ya metre 1.400 juu ya usawa wa bahari, na kabla ya jua kutoka maji ya bomba yanauma vidole. Saa kumi ya usiku tulikuwa na mama mmoja mwenye mimba. Mtoto alikaa vibaya tumboni, na mama mzalishaji alisema wazi: huyu azalie hospitali kubwa, si hapa. Gari ya wagonjwa ilikuwa imekwenda safari nyingine. Tulibaki na kamioneti ya kazi.

Shofere wetu alikuwa mtu wa miaka mingi barabarani. Akazungusha ufunguo. Taa ndogo mbele ya usukani zikawaka vizuri. Halafu tukasikia: ta-ta-ta-ta. Motere haikuzunguka. Akajaribu tena: ta-ta-ta-ta.

«Papa, fanya mbio,» nikamwambia. «Mama huyu hawezi kungoja.»

«Ngoja kidogo, Dokta, niangalie batri.»

«Hakuna wakati wa kuangalia! Ita gari nyingine ikusaidie.»

Maneno hayo niliyasema mimi, si mwingine.

Kamioneti ya pili ikafika. Shofere akatwaa nyaya mbili nene na kuziunganisha batri kwa batri, huku mtu akimulika kwa telefone. Ncha ya mwisho akaifunga juu ya kichwa cha alama − cha batri yetu yenyewe. Nikaona cheche, nikasikia mshindo kama wa baruti ndogo. Kifuniko cha batri kiliruka. Papa akashika uso wake kwa mikono miwili.

Tukamlaza chini nikaanza kummiminia maji machoni. Nilikuwa ningali nimepiga magoti pale mama mzalishaji alipouliza kwa upole: «Na hii gari nyingine inayowaka, inangojea nini?»

Hakuna aliyejibu. Gari nzima, yenye mafuta, motere yake ikizunguka, ilikuwa mbele yetu muda wote huo. Sisi sote tulikuwa tunaangalia ile inayokataa. Mama akapandishwa, akafika hospitali, akapasuliwa, akapata mtoto wa kike, na wote wawili wakawa wazima. Papa shofere alipona jicho la kuume. La kushoto lilibaki na kovu juu ya kioo chake. Haendeshi tena. Leo anagawa vyombo vya kazi magazini.

Kulipokucha, fundi wa garaji alikuja kuangalia. Kifungo cha waya juu ya kichwa cha −, kile mafundi wanachoita kosi, kilizunguka mkononi mwake bila kle. Chini yake palijaa unga mweupe wenye rangi ya majani. Maji ndani ya batri yalikuwa yameshuka chini ya mabamba, na chumba kisicho na maji ya kutosha kinabaki na nafasi ya kujaa gazi. Kusafisha kosi na kuikaza ni kazi ya dakika kumi. Tulikataa kutoa dakika kumi, tukatoa jicho.

KWA NINI TAA ZINAWAKA NA MOTERE HAIZUNGUKI

Batri ya kamioneti ina volti 12. Ndani mna vyumba 6, na kila chumba kina mabamba ya risasi yaliyozama katika maji yenye asidi ya sulfuriki. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza batri ya risasi ya kwanza mwaka 1859, na njia yake ndiyo tunayoifuata mpaka leo.

Taa mbili kubwa za mbele zinakula ampere 10 hivi. Demareri ya motere ya dizeli inakula ampere 200, 300, hata zaidi, kwa sekunde chache. Fikiri bomba la kambini lililoziba nusu kwa kutu. Linatosha kujaza kikombe. Ukitaka kujaza pipa kwa mara moja, hulijazi. Kosi chafu ni bomba lililoziba: inapitisha umeme wa taa, inakataza umeme wa demareri. Basi anayesema «taa zinawaka, kwa hiyo batri ni nzima» anajidanganya.

Na ule mlio unatoka wapi? Ukizungusha ufunguo, umeme mdogo unakwenda kwanza kwenye relei ya demareri, chombo kidogo kinachokaa juu ya demareri. Ndani yake mna sumaku ya umeme. Sumaku inavuta chuma, chuma kinapiga «ta», njia ya umeme mkubwa inafunguka. Kama umeme huo hautoshi, volti zinaanguka na sumaku inaachilia. Ikiachilia, volti zinapanda, nayo inavuta tena. Ndiyo ta-ta-ta-ta mnayoisikia. Gari inawaambia ugonjwa wake.

JUA UGONJWA KWA SAUTI YAKE

Muuguzi hapigi sindano kabla ya kumsikiliza mgonjwa. Fanya vile vile kwa gari.

1. Ta-ta-ta-ta ya mbio. Mara nyingi batri imekwisha nguvu, au kosi ni chafu au imelegea. Anza hapo.

2. «Ta» moja tu, nzito. Relei imevuta lakini demareri haizunguki. Angalia kosi, na waya unaofunga batri kwenye chuma cha gari, yaani masi. Kama hizo ni nzima, shaba za ndani ya relei zimeungua, au makaa madogo ya demareri yamekwisha, au motere yenyewe imekwama. Hizo ni kazi za fundi.

3. Kimya kabisa. Tafuta kwenye kontakti ya ufunguo, fizibli na waya mdogo wa relei. Magari mengine yanakataa pia kama vitesi haikutolewa au kama hukukanyaga klachi.

Kuna jaribio jepesi lisilohitaji chombo. Washa taa kubwa. Mwenzako azungushe ufunguo, nawe usimame kando, si mbele ya gari. Taa zikififia sana au kuzimika, ugonjwa uko kwenye batri au kosi. Taa zikibaki na nguvu ile ile, umeme haufiki kwa demareri, au demareri haiupokei.

Mwenye chombo cha kupima volti apime batri iliyopumzika saa chache. Volti 12,6 maana yake imejaa. Volti 12,2 ni kama nusu. Chini ya volti 12 imekwisha karibu yote. Halafu aweke ncha moja ya chombo juu ya kichwa cha batri, nyingine juu ya kosi yake, na mwenzake azungushe ufunguo. Kikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotea pale pale. Safisha kabla ya kununua batri mpya. Watu wangapi wamelipa batri mpya kwa ugonjwa wa unga mweupe!

Kumbukeni pia baridi. Katika Juni na Julai batri inapungua nguvu, na wakati ule ule mafuta ya motere yanakuwa mazito na demareri inahitaji nguvu zaidi. Batri iliyochoka inaweza kuvumilia mpaka Mei, kisha ikakuacha njiani asubuhi moja ya Julai unapokwenda kuanza posti ya kwanza.

KUSAFISHA KOSI BILA KUJIUMIZA

Neno la kwanza: gari ya kompani inatengenezwa na watu wa garaji waliopewa kazi hiyo. Ikikataa kuwaka, itie freni ya mkono, weka alama za hatari, mwite mkubwa wako wa kazi. Haya yafuatayo ni kwa gari yako mwenyewe, nyumbani.

— Vaa miwani ya kazi. Vua pete, saa na mkufu. Pete ikigusa kichwa cha + na chuma cha gari kwa wakati mmoja, inakuwa nyekundu kama kaa la moto. Kidole hakingojei uivue.

— Hakuna sigara, hakuna kiberiti, hakuna mshumaa. Usiku tumia tochi.

— Zima vyote, toa ufunguo, vuta freni ya mkono, toa vitesi.

— Fungua kosi ya − kwanza, kisha ya +. Wakati wa kurudisha, anza na +, maliza na −. Sababu ni hii: chuma chote cha gari kimeungwa na −. Ukianza na +, na kle ikagusa chuma, umeme wote wa batri unapita katika kle yako.

— Usiupulize ule unga kwa mdomo, maana una asidi. Tia kijiko cha bikarbonate katika kikombe cha maji ya moto kidogo, mimina juu ya kosi, piga brashi. Povu litatoka: ni asidi inakufa. Vifuniko vya batri vibaki vimefungwa, maji hayo yasiingie ndani. Suuza, kausha, sugua kwa karatasi ya msasa mpaka risasi ing'ae. Funga, kaza, paka vazelini juu.

— Fuata waya wa − mpaka unapofungwa kwenye chuma. Safisha hapo pia. Wengi wanasahau upande huo.

— Kama batri yako ni ile ya kufunguliwa, angalia maji. Yafunike mabamba. Ongeza maji ya batri tu, si asidi, si maji ya bomba.

KUSAIDIWA NA GARI NYINGINE

Kabla ya kushika nyaya, jiulize lile swali la mama mzalishaji. Kama kuna mgonjwa, na kuna gari inayowaka, mgonjwa apande gari inayowaka. Ile mbovu itangoja asubuhi.

Kama ni lazima kusaidia, fuata mpango huu. Magari yote mawili yawe ya volti 12. Kamyo ya volti 24 haifai kusaidia kamioneti. Yasigusane, yazimwe. Batri iliyopasuka au kuvimba isiguswe. Vaa miwani, kisha funga nyaya hivi:

Kwanza, + ya gari mbovu. Pili, + ya gari nzima. Tatu, − ya gari nzima. Nne, na hapa ndipo tulipokosea sisi: ncha ya mwisho usiifunge juu ya batri mbovu. Ifunge juu ya chuma kinene kisicho na rangi cha motere ya gari mbovu, mbali na batri.

Ncha ya mwisho mara nyingi inatoa cheche. Nayo batri inatoa gazi ya idrojeni, isiyoonekana wala kunuka. Katika sehemu 100 za hewa, sehemu 4 za gazi hiyo zinatosha kuwaka kwa mshindo. Cheche mbali na batri si kitu. Cheche juu ya batri ni bomu mbele ya uso wako.

Washa gari nzima, ngoja dakika chache, kisha jaribu ile mbovu. Ikiwaka, ondoa nyaya kwa mpango wa kurudi nyuma: ya mwisho kufungwa iwe ya kwanza kufunguliwa.

TABIA NNE ZINAZOTULETEA WAGONJWA

Zamani motere iliwashwa kwa manivela, mkono wa chuma unaozungushwa mbele ya gari. Motere ikirudi nyuma ghafula, manivela ilivunja mkono wa mtu. Mpaka leo kuna mfupa wa kifundo cha mkono ambao kuvunjika kwake waganga wanakuita «mvunjiko wa shofere». Demareri ya umeme ya Mmarekani Charles Kettering, iliyotiwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, iliokoa mikono mingi. Demareri ni chombo cha usalama. Tusiigeuze kuwa hatari.

Turnevisi. Mtu analala chini ya gari na kuunganisha vichwa viwili vya relei kwa turnevisi. Kama vitesi imebaki ndani, gari inaruka mbele na kumpanda. Hana wakati hata wa kupiga kelele.

Kusukuma. Msiwatie watoto katika kazi hii. Mtu asisimame mbele ya gari wala kati ya magari mawili. Msisukume kwenye mteremko, wala ndani ya kariere hata siku moja. Gari inayobadilisha vitesi yenyewe haiwaki kwa kusukumwa, mnajichosha bure.

Nyundo. Kugonga demareri polepole kunaweza kuamsha makaa yaliyokwisha, mara moja au mbili. Si dawa, ni alama ya ugonjwa. Nenda garaji siku hiyo hiyo. Na ufunguo ukizungushwa, asiwepo mtu chini ya gari.

Kung'ang'ania ufunguo. Sekunde 10 zinatosha. Kisha pumzisha. Kuendelea bila kikomo kunaunguza demareri na nyaya, na batri inamalizika.

ASIDI IKIINGIA JICHONI

Hapa ninawaomba msome mara mbili, na mama asomee watoto.

Maji, mara moja. Usitafute dawa, usitafute gari, tafuta maji safi. Mimina polepole toka upande wa pua kwenda nje, ili asidi isiingie jicho la pili. Fungua kope kwa vidole, hata kama mgonjwa anakataa kwa maumivu. Endelea dakika 20 kamili, kwa kuangalia saa, si kwa kukisia. Dakika tano zinaonekana ndefu mtu anapolia, lakini hazitoshi.

Usitie maziwa ya mama, limau, mafuta wala bikarbonate jichoni. Bikarbonate ni ya chuma. Usisugue. Kisha mpeleke dispanseri, hata kama anasema amepona. Jicho lililochomwa linaweza kuonekana zuri jioni na kuharibika kesho.

Asidi juu ya ngozi: vua nguo zilizolowa, mimina maji mengi muda ule ule. Mtu akiimeza: asukutue mdomo kwa maji, asilazimishwe kutapika, aletwe hospitali mbio.

BATRI NYUMBANI

Nyumba nyingi zina batri ya taa au ya televizyo. Iwekwe mahali penye hewa, mbali na jiko, si chini ya kitanda cha watoto. Msiweke maji ya asidi katika chupa ya maji ya kunywa au ya limonade. Mtoto mwenye kiu hasomi alama. Batri iliyokufa msiivunje na msiyeyushe risasi yake uani. Moshi na vumbi la risasi vinaingia katika damu ya mtoto na kuharibu akili yake, bila kelele wala homa. Baba aliyeshika batri anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika mkate au mtoto.

MWISHO

Nilimtembelea Papa magazini kabla ya kuandika habari hii, kumwomba ruhusa. Akanipa. Juu ya meza yake kuna brashi ya zamani ya meno na kopo la bikarbonate. Kila shofere anayekuja kuchukua kifaa anaulizwa: «Kosi zako umeziangalia lini?» Wengine wanacheka. Yeye anageuza uso kidogo, awaone vizuri kwa jicho la kuume, kisha anauliza tena.

Ndugu msomaji, nawe jibu. Kosi zako umeziangalia lini?